Habari za Dom Jerónimo Chingulia, Mfalme wa Mombasa

Katika kitabu hiki cha Yubilei mtakuta habari nyingi za kufurahisha moyo: habari za mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliopanda kutoka pwani mwaka wa 1890 wakitafuta mahali pa kuanzisha misheni penye Kilimanjaro, wakapata Kilema, habari za Jimbo letu la Arusha lililoundwa mwaka wa 1963 na kufanywa Jimbo Kuu mwaka wa 1999, na habari za makatekista wa zamani waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Mimi nimeombwa kuandika habari isiyo ya furaha, wala sikuikataa. Wakatekumeni wangu wa hapa Usa River wameniuliza mara nyingi maana ya ekskomunikasyo, yaani adhabu ya kutengwa na Eklezia, nami nimeona ya kuwa neno hilo halieleweki vema kwa kulifafanua tu. Sharti lionekane katika maisha ya mtu.

Watu wa Ulaya wanao wafalme wao wa kutolea mfano, nao tutawataja kidogo mbele. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Barabara kuu ipitayo hapa kwetu, ukiifuata upande wa mashariki, itakupitisha Moshi, Himo, Taveta na Voi, na mwisho wake utafika Mombasa, penye ngome kubwa ya mawe ya matumbawe juu ya mlango wa bahari. Ngome ile Wareno waliiita kwa jina la Yezu. Ndani yake alitokea mtu mmoja, mfalme wa watu weusi wa pwani yetu, aliyebatizwa akiwa mtoto, akavishwa nishani ya Kikristu, akamwandikia Baba Mtakatifu barua ya utii, kisha akaikana imani na kumwaga damu ya Wakristu wenziwe. Jina lake la kuzaliwa ni Yusuf bin Hassan. Wareno walimwita Dom Jerónimo Chingulia, na neno hilo Dom ni la heshima kwao, kama sisi tunavyosema Bwana mkubwa.

Ili kumfahamu Yusuf yatupasa kuanza kwa babu yake. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwaka wa 1498, watu wa Mombasa hawakumpenda, lakini mfalme wa Malindi alimpokea vizuri, na tangu siku ile Malindi na Ureno zilikuwa marafiki, hali Mombasa iliteketezwa kwa moto na Wareno zaidi ya mara moja, mara ya kwanza mwaka wa 1505. Hata mwaka wa 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome yao Mombasa, na ramani yake ilichorwa na fundi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Rafiki yao wa Malindi, Sheikh Ahmad, wakamleta Mombasa akae kuwa Sultani badala ya ukoo wa zamani, wakampa fungu la tatu la ushuru wa forodha. Watawa wa Mtakatifu Augustino nao wakaja mwaka wa 1597 wakajenga nyumba yao mjini. Basi pale kisiwani palikuwa na wakubwa wawili, Sultani katika mji na jemadari wa Kireno katika ngome, na kila mmoja alihesabu fedha za mwenziwe.

Ahmad alipofariki akatawala mwanawe Hassan, babaye Yusuf. Huyu hakuelewana na Wareno wa ngomeni hata kidogo. Waligombana kwa ajili ya ushuru, kwa ajili ya biashara ya Pemba, na kwa ajili ya heshima, ambayo ndiyo iliyouma zaidi. Mwaka wa 1614 Hassan aliona hatari ya kukamatwa, akakimbilia bara kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, waliokaa nyuma ya Mombasa upande wa Rabai. Alidhani amepata kimbilio. Lakini Wareno wakapeleka nguo nyingi kwa wenyeji wake, nao wakamuua mgeni wao. Kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa mpaka Goa, katika Bara Hindi, palipokaa mjumbe mkuu wa mfalme wa Ureno.

Mtoto wake Yusuf alikuwa wa miaka kama 7. Naye alipelekwa Goa ileile.

Napenda msomaji asimame hapa kidogo. Sisi wa Meru tunaweza kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Pale Akeri, si mbali na hapa ninapoandika, wamisionari wawili Walutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1896. Walikuwa watu wa Mungu, nao wameheshimiwa kwa haki. Lakini baada yao akaja Kapteni Johannes na askari wa Kidachi pamoja na wapiga vita wengi wa Kichaga, wakalipiza kisasi. Watu wengi wa Meru na Arusha wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa. Watoto wa vita hiyo ndio waliokua na kusoma katika shule za misheni, kwa walimu wa kabila lilelile la waliowaua baba zao. Wazee wetu walijua kumtenga mwalimu na askari, nao wakapokea Injili. Ni neema kubwa hiyo, wala si kila moyo unaiweza.

Pale Goa mtoto Yusuf alitiwa katika mikono ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Walimfundisha kusoma na kuandika, wakamfundisha Kireno na mambo ya dini, na mwisho akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Siwezi kuwalaumu watawa wale kwa moyo mgumu, maana kwa fikira za siku zile waliona wamemwokoa mtoto. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka wa 1274, alikuwa amekwisha kufundisha wazi ya kwamba watoto wa wasio Wakristu wasibatizwe kinyume cha mapenzi ya wazazi wao kabla hawajapata akili ya kujichagulia wenyewe. Na mzazi wa mtoto huyu alikuwa wapi aulizwe? Watu wa taifa lile lililomlea mwana ndio waliomnunulia baba kifo. Ubatizo wake ulikuwa ubatizo wa kweli, na alama yake haifutiki. Hilo Eklezia hufundisha bila shaka. Lakini mimi niliye katekista, ninayewangoja watu wazima miaka miwili na zaidi kabla ya kuwaandikia ubatizo, sioni kama kuna mtu aliyemngoja mtoto yule aamue.

Alipokua akawa kijana hodari. Alitumika katika merikebu za vita za Wareno, akajifunza kupiga mizinga, kazi ambayo baadaye waliomfundisha walijuta kumfundisha. Akapewa nishani ya Shirika la Kristu, iliyo heshima kubwa katika Ureno. Akamwoa mwanamke Mkristu aitwaye Isabel Varela. Na mwaka wa 1626, miaka 12 tangu kifo cha babaye, Wareno wakamrudisha Mombasa akiwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, mfalme Mkristu katika mji wa Waislamu. Mwaka uliofuata, 1627, aliandika kwa Baba Mtakatifu Urbano wa Nane akijiweka chini ya utii wake. Kwa macho ya Goa na ya Roma, kazi ilikuwa imekamilika.

Lakini fikirini hali yake alipofika nyumbani. Alikuwa ametoka akiwa mtoto, na amerudi akiwa mtu wa miaka 19 au 20, amevaa mavazi ya Kireno, anakula vyakula ambavyo watu wake huvihesabu najisi, anakwenda Misa katika kanisa la wageni. Wazee wa mji walikuwa wamemjua babaye. Waliinama mbele yake kwa kuwa ngome ilikuwa nyuma yake. Mioyo yao haikuinama. Na Wareno nao, ambao angedhani ni ndugu zake katika imani, hawakumfanya ndugu. Nishani kifuani ilikuwa kitu kimoja, na jinsi jemadari alivyomtendea mbele ya watu ilikuwa kitu kingine. Jemadari wa siku zile, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau na kumkosea heshima, kama wale waliotangulia walivyomkosea Hassan. Basi kijana huyu hakuwa mtu wa huku wala wa huko. Katika kila nyumba aliyoingia alikuwa mgeni.

Mtu wa namna hiyo huenda wapi usiku? Yusuf alikwenda kaburini kwa babaye. Kaburi lilikuwa Mombasa, na kichwa cha babaye kilikuwa kimekwenda Goa. Huko kaburini alikuwa akisali, na sala zake zilikuwa za Kiislamu, kwa namna babaye alivyosali. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Katika mila zetu hakuna mtoto anayeweza kupita kaburi la mzazi wake asiseme neno, na lugha itokayo kinywani saa ile ni ile ya utotoni. Sisemi ya kuwa ni halali kwa Mkristu kuificha imani mchana na kuikana usiku. Nasema tu ya kwamba kama padri mwenye huruma angalimwona kwanza, pengine habari hii ingalikuwa nyingine. Lakini aliyemwona alikwenda kwa jemadari.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Jemadari alikusudia kumkamata mfalme na kumpeleka Goa, mbele ya Mahakama ya Imani, ambayo Wareno waliita Inkwizisyo. Mahakama ile ilianzishwa Goa mwaka wa 1560, ikadumu, isipokuwa miaka michache katikati, hata mwaka wa 1812. Kazi yake ilikuwa kuwahukumu Wakristu waliosemekana wamerudia dini zao za zamani, na jina lake liliogopwa kuliko ndui. Aliyehukumiwa kuwa mwasi asiyetubu alitolewa kwa serikali, na serikali ilimchoma moto. Yusuf aliilelewa Goa, aliyajua hayo yote. Kichwa cha baba kilikuwa kimesafiri njia hiyo, na sasa njia hiyohiyo ilikuwa ikimngoja mwana.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa Agosti mwaka wa 1631, siku za sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mfalme akaenda ngomeni na watu wake wapatao 300, kana kwamba anamwamkia jemadari. Mlango ukafunguliwa, maana alikuwa mfalme na rafiki. Alipokaribishwa akachomoa jambia, akamchoma Pedro Leitão de Gamboa akafa. Watu wake wakaingia, wakawaua askari waliokuwamo. Mke wa jemadari na binti yake pia wakauawa, pamoja na padri wa ngome. Ngome ambayo haijapata kushindwa kwa mizinga ilitwaliwa kwa salamu.

Kisha wakatoka kwenda mjini, wakazichoma nyumba za Wareno. Waliookoka wakakimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino: wanaume, wanawake, watoto, Wareno na machotara, na Waafrika waliobatizwa. Yusuf akawatumia neno: wakubali Uislamu wapate kuishi, au wafe. Yapo mambo ambayo mwandishi hapaswi kuyapamba, basi nitayasema kwa ufupi. Baada ya siku chache walitolewa nje, na waliokataa wakauawa, mapadri, akina mama na watoto. Kwa hesabu iliyofanywa baadaye, Wakristu waliokufa siku zile walipata 300 hivi, wakiwamo Waafrika wengi. Miongoni mwao alikuwamo jamaa ya mfalme mwenyewe, aliyebatizwa Antonio. Huyu angeweza kuokoka kwa neno moja tu, tena alikuwa na sababu zilezile za kuwachukia Wareno alizokuwa nazo Yusuf, akakataa kulisema neno lile. Mwaka uliofuata, 1632, kule Goa uliandikwa ushuhuda wa watu walioyaona mambo hayo, ili Eklezia ipate kuchunguza kama waliokufa ni wafiadini, nao ndio tuwaitao Wafiadini wa Mombasa. Sisi tunawajua sana wale wa Uganda waliouawa kati ya mwaka wa 1885 na 1887, na ni vema. Lakini hawa wa Mombasa waliwatangulia kwa miaka zaidi ya 250, na ni Wakristu wachache wa kwetu wawezao kulitaja hata jina la Antonio.

Sasa nitalijibu swali la wakatekumeni. Je, Dom Jerónimo alitengwa na Eklezia? Na nani alimtenga?

Kwanza niseme ambalo silo. Nilipokuwa mtoto, babu yangu mzaa mama alikuja kanisani kila Dominika, akakaa katika benchi la mwisho karibu na mlango. Wengine walipokwenda kupokea Komunyo yeye alibaki amekaa, akaitazama kofia yake magotini. Alikuwa ameoa mke wa pili, kwa kuwa wa kwanza hakupata mtoto, na padri wa misheni ile alimfungia sakramenti. Watu wa kijiji walisema ametengwa. Watoto wa wenzake walituimbia hivyo njiani kutoka shule, nami nilidhani ya kuwa babu si Mkristu tena. Nilikuwa mtu mzima, katika masomo ya ukatekista, nilipofundishwa ya kuwa sivyo. Kuzuiliwa Komunyo kwa ajili ya hali ya maisha ni jambo moja, na ekskomunikasyo ni jambo jingine lililo kubwa zaidi. Babu hakutengwa siku yoyote. Kabla hajafa aliyatengeneza mambo ya nyumba yake, padri akaja, akamwungamisha, akampa Komunyo kitandani. Nilikaa na hasira miaka mingi kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyetueleza.

Ekskomunikasyo ni adhabu itolewayo na Eklezia kwa makosa machache makubwa sana, na mtu akipatwa nayo hawezi kupokea sakramenti yoyote wala kushika kazi yoyote ya Eklezia mpaka aondolewe. Huweza kutolewa kwa hukumu ya askofu au ya Baba Mtakatifu, na jina la mtu likatangazwa. Lakini kuna makosa mengine ambayo hayangoji hukumu: adhabu humpata mtu papo hapo kwa tendo lenyewe. Kuikana imani kabisa ni mojawapo. Ndivyo isemavyo Sheria ya Eklezia ya mwaka wa 1983 katika kanuni ya 1364, na ndivyo ilivyokuwa katika siku za Yusuf. Kila mwaka, Alhamisi Kuu, ilisomwa Roma hati ndefu yenye orodha ya waliotengwa, na waasi wa imani ni miongoni mwa waliotajwa mwanzoni kabisa. Na aliyeipa hati ile maneno yake ya mwisho ni Papa Urbano wa Nane, tena katika mwaka wa 1627, mwaka uleule ambao Dom Jerónimo alimwandikia barua ya utii. Hati ile iliacha kusomwa mwaka wa 1770 kwa amri ya Papa Klementi wa Kumi na Nne.

Basi jibu ni kwamba Yusuf alijitenga mwenyewe. Hakuhitajiwa mtu kuzima mshumaa wala kusoma jina lake. Nao wasomaji wenye akili wataniuliza juu ya hofu yake, na juu ya utoto wake. Naam, sheria yenyewe husema ya kwamba mtu aliyetenda kwa hofu kubwa adhabu yake hupunguzwa, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 haadhibiwi. Kama Yusuf angalikimbia tu usiku akarudia dini ya babaye kwa kuogopa moto wa Goa, mimi ningeona vigumu kumhukumu. Lakini mtoto wa jemadari hakuwa Mahakama ya Imani, wala watoto waliokimbilia nyumba ya watawa hawakumuua Hassan.

Tena adhabu hii haikuwekwa ili kumwangamiza mtu. Ni dawa chungu, ya kumrudisha. Kaisari Teodosio, mtawala wa Warumi, aliwaua maelfu ya watu wa Tesalonike mwaka wa 390 kwa hasira ya siku moja, na Mtakatifu Ambrosio, askofu wa Milano, akamkataza asikaribie altare mpaka afanye kitubio mbele ya watu wote, naye alikifanya. Henriko wa Nne, mfalme wa Wadachi, alitengwa na Papa Gregori wa Saba mwaka wa 1076. Mwezi wa Januari mwaka wa 1077 alivuka milima ya theluji, akasimama siku tatu nje ya ngome ya Canossa, miguu mitupu, mpaka akaondolewa adhabu. Ni kweli baadaye wale wawili waligombana tena vibaya, na huyu Henriko si mfano mwema sana. Lakini mlango ulifunguliwa. Wafalme wale walikuwa na jambo moja ambalo Yusuf hakuwa nalo. Waliporudi walirudi kwa watu wao. Mlango ambao Yusuf angebisha ulikuwa Goa, na nyuma ya mlango ule walikaa watu waliokuwa na haki ya kumchukia.

Yaliyobaki ya maisha yake ni ya bahari na vita. Alijivua jina la Jerónimo, akatawala Mombasa kwa jina la Yusuf. Alitumaini miji yote ya pwani itaondoka pamoja naye, lakini mingi ilingoja kwanza ione nani atashinda. Mwezi wa Januari mwaka wa 1632 ikaja manowari nyingi kutoka Goa, jemadari wao Francisco de Moura, wakaizunguka ngome. Yusuf aliijua mizinga, na miamba ya kisiwa ilimsaidia. Hata mwezi wa Machi Wareno wakachoka, wakaondoka kwa aibu, wakaacha merikebu za kulinda mlango wa bahari. Waafrika wa pwani walikuwa wamelishinda jeshi la Ureno, jambo lisilosahaulika, na kwa ajili ya hilo wako watu mpaka leo wanaomhesabu Yusuf kuwa shujaa. Siwakatazi. Mimi nayaona mambo mawili katika mtu mmoja, wala siwezi kulifuta moja kwa jingine.

Lakini ushindi wake haukudumu. Alijua watarudi na jeshi kubwa zaidi, na kusaidiwa hakusaidiwa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga na mali katika merikebu aliyoiteka, akatweka kwenda Arabuni. Mwezi wa Agosti 1632 Wareno wakaingia katika mji mtupu. Watu wa Mombasa, walio ndani ya habari hii toka mwanzo wala hawakuulizwa na upande wowote, walikuwa wamekimbilia bara.

Tangu hapo mfalme akawa haramia. Miaka sita alizunguka baharini toka Arabuni mpaka visiwa vya Ngazija na Madagaska, akizinyang'anya merikebu za Wareno, nao wakimwinda bila kumpata. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, hana mji wala kaburi la baba la kwenda usiku. Mwaka wa 1638 aliuawa katika Bahari ya Shamu, upande wa Jeddah, si kwa mkono wa Wareno, bali kwa mkono wa maharamia wa Kiarabu.

Kanuni ya 976 ya sheria yetu husema ya kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, padri yeyote aweza kumwondolea dhambi zote na adhabu zote, hata padri aliyenyimwa ruhusa ya kuungamisha, wala hapana haja ya kuuliza askofu. Desturi hiyo ni ya zamani, na katika siku za Yusuf ilikuwako. Katika chombo kile cha Bahari ya Shamu hapakuwa na padri. Mambo aliyoyasema moyoni mwake saa ile, na lugha aliyoyasemea, ni ya Mungu peke yake.

Wareno waliijenga upya ngome. Aliyeitengeneza ni jemadari kijana wa miaka 27, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyewekwa mwaka wa 1635. Alipiga vita pwani nzima kulipiza yale ya 1631: akabomoa kuta za Pate na Siu, akawaadhibu Wamusungulo, akawaua wakubwa wa Pemba waliokuwa wameasi. Sifa zake hizo zote aliziandika katika jiwe juu ya mlango wa ngome, na jiwe lipo mpaka leo. Mtu akilipa kiingilio na kuinua macho ataliona kabla hajapita ndani. Miaka zaidi ya 60 baadaye, mwezi wa Desemba 1698, Waarabu wa Omani waliitwaa ngome ile baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Wareno, walioirudia kwa muda mfupi tu mwaka wa 1728, wakatoka Mombasa mwaka wa 1729 wasirudi tena. Nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino haipo. Mapadri waliokuja baadaye, wale waliopita Mombasa mwaka wa 1890 wakielekea kwetu mlimani, walikuja bila mizinga ya mfalme wa Ureno, nao walianza upya kabisa.